Picha ya studio ya bibi wa Utah: mwaka 1860 ulioandikwa nyuma una maana gani?

Swali: Dada mmoja mwenyeji wa Bukavu, ambaye sasa anaishi na familia yake Salt Lake City katika jimbo la Utah nchini Marekani, alinunua sanduku la vitabu kwenye mauzo ya vitu vya nyumba ya marehemu. Chini ya vitabu akakuta picha ya kale ya mwanamke, imebandikwa juu ya kadi ngumu yenye urefu wa sentimita 16 na nusu na upana wa karibu sentimita 11. Kingo za kadi zimechongwa mshazari na kupakwa rangi ya dhahabu, na chini ya picha pamechapwa jina la studio, C. R. Savage, Salt Lake City. Mwanamke amesimama, mkono mmoja ameuweka juu ya mgongo wa kiti, na vidole vyake vimepinda na vina vifundo; nywele zake zimegawanywa katikati na kuvutwa nyuma; amevaa gauni jeusi lenye kola ndefu na mikono iliyotuna sana mabegani. Nyuma ya kadi mtu ameandika kwa penseli, kwa Kiingereza, maneno yenye maana ya "Bibi, familia ya watangulizi, 1860". Dada huyo anauliza kama kweli picha ni ya mwaka huo, mwanamke huyu ni nani, kama watu wake wanaweza kupatikana, na kama uso wake uliokaza namna ile ni alama ya shida alizopitia.

Jibu:

Dada mpendwa, picha yako haikupigwa mwaka 1860, na hilo naweza kulisema kwa vipimo ulivyoniandikia peke yake. Kadi za ukubwa huo zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1866 na kufika Marekani muda mfupi baadaye. Kabla yake iliyotamba ilikuwa kadi ndogo, ya kama sentimita 6 kwa 10, ambayo Mfaransa André Disdéri aliipatia hataza mjini Paris mwaka 1854. Kadi za mwanzoni mwa miaka ya 1860 zilikuwa nyembamba, zenye pembe kali na pambo dogo tu, mara nyingi mstari mmoja au miwili ya kuzunguka picha. Kadi nene, iliyochongwa kingo na kupakwa dhahabu, ni mtindo wa miaka ya 1880 na 1890, wakati ambapo studio zilishindana kwa mapambo kadiri zilivyoshindana kwa ubora wa picha zenyewe.

Mikono ya gauni inatuleta karibu zaidi. Mwaka 1889 au 1890 mafundi wa nguo za wanawake walianza kuinua kidogo kitambaa cha begani, kikasimama kama kikunjo kilichochongoka. Kila mwaka kikunjo kile kiliongezeka, mpaka kufikia 1895 sehemu ya juu ya mkono ilikuwa imetuna kama puto huku sehemu ya chini, kutoka kwenye kiwiko hadi kifundo, ikiwa imebana. Mwaka 1896 mtindo ulianza kuporomoka, na mwishoni mwa muongo ule kilichobaki ni kituta kidogo tu begani. Kama mikono ya bibi wako imetuna kiasi unachonieleza, hadi kupita upana wa mabega yake, basi gauni lile lilishonwa kati ya 1893 na 1896. Nakuomba usichanganyikiwe na nywele. Ni kweli kwamba nywele zilizogawanywa katikati na kulazwa juu ya masikio ni mtindo wa miaka ya 1850 na 1860, na watu wengi hudanganyika hapo. Mwanamke mtu mzima huweza kubaki na mtindo wa nywele wa usichana wake hadi kufa, lakini hawezi kuvaa mkono wa gauni ambao bado haujabuniwa. Kwa hiyo tarehe ya picha hutafutwa kwenye kitu kipya kuliko vyote vinavyoonekana, na kile cha kale kuliko vyote hutufundisha zaidi kuhusu umri wa mwenyewe.

Ukiwa na kioo cha kukuzia, itazame karatasi ya picha kwenye sehemu nyeupe, kwa mfano kwenye kola. Ukiona nyuzinyuzi za karatasi na mipasuko midogo sana juu yake, na weupe umegeuka manjano, hiyo ni karatasi iliyopakwa ute mweupe wa yai kisha ikatiwa chumvi ya fedha ili iweze kushika mwanga. Karatasi hiyo ilitumika kuanzia miaka ya 1850 hadi katikati ya miaka ya 1890, na ilikula mayai kwa wingi wa kushangaza: inaelezwa kwamba kiwanda kikubwa cha Dresden, Ujerumani, kilipokuwa kileleni kilivunja mayai karibu 60,000 kwa siku. Ukiona uso laini usio na nyuzi, wenye rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, hiyo ni karatasi ya jelatini au kolodioni iliyochukua nafasi yake miaka ya 1890. Kwa kadi yako majibu yote mawili yanakubalika, na hakuna hata moja litakalokurudisha mwaka 1860.

Sasa, huo mwaka wa 1860 umetoka wapi? Aliyeandika "Bibi" alikuwa mjukuu, maana yake aliandika akiwa na akili zake timamu za utu uzima, labda miaka mingi baada ya picha kupigwa, na aliandika jambo alilosimuliwa. Mtu wa namna hiyo huwa hajui picha ilipigwa lini. Anajua mambo ya familia. Kwa hiyo mwaka ule unaweza kuwa wa kuzaliwa kwa bibi, au wa kufika kwake Utah, na kuchagua kati ya hayo mawili kunategemea umri wa mwanamke unayemwona. Kama alizaliwa 1860, mbele ya kamera alikuwa na miaka kama 35. Kama alifika 1860 akiwa msichana au mke kijana, alikuwa na miaka 50 na ushei.

Hapa usiuamini uso. Tangu miaka ya 1870 ilikuwa kawaida ya studio kumkabidhi fundi hasi ya kioo, yaani bamba la kioo lenye sura iliyogeuzwa, peupe pakiwa peusi, ambalo picha za karatasi huchapwa kutokana nalo, naye akachora juu yake kwa penseli iliyochongwa kama sindano, akijaza mikunjo ya paji la uso, mifuko ya chini ya macho na mistari ya pembeni mwa mdomo, kwa sababu kila mahali palipoongezwa penseli kwenye hasi hutoka peupe zaidi kwenye karatasi. Mteja aliyelipa hakupenda kuonekana mzee, na fundi alijua nani anamlisha. Ukiielekeza kadi kwenye mwanga wa pembeni na kukuza mashavu, unaweza kuona vijialama vyake, vimejipanga kama punje za mchele. Lakini fundi alilipwa kwa uso, mikono hakuihangaikia. Tazama ule mkono uliowekwa juu ya kiti. Ukiona mishipa imesimama, viungo vya vidole vimevimba na ngozi imelegea juu ya kifundo, basi uso laini wa miaka 40 ni kazi ya penseli, na mwenye mkono ule alikuwa amevuka 50. Umeniandikia kwamba vidole vyake "vimepinda na vina vifundo". Pamoja na mtindo wa nywele, hilo linatosha kunifanya niuweke kando mwaka wa kuzaliwa na kuusoma mwaka 1860 kama mwaka wa kuwasili.

Usomaji huo unaafikiana pia na historia ya jimbo unaloishi. Neno la watangulizi, kwa watu wa Utah, lina mpaka wake unaojulikana: ni wale waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, pamoja na wengine walioandamana nao, waliofika au kuzaliwa huko kabla ya tarehe 10 Mei 1869, siku ambayo reli za mashariki na magharibi ziliunganishwa pale Promontory Summit. Kundi la kwanza liliingia bonde la Salt Lake Julai 1847, na ndiyo sababu tarehe 24 Julai kila mwaka unaona maandamano na maduka yakifungwa. Kabla ya reli safari ilikuwa ya miezi kadhaa, kwa magari ya kukokotwa na maksai, na kati ya 1856 na 1860 makundi kumi, yenye jumla ya watu karibu 3,000, yalipita nyika zile yakisukuma mikokoteni kwa mikono kwa kuwa hayakuweza kununua maksai. Mwaka wa familia kufika uligeuka kuwa sehemu ya jina lake; wazee waliutaja katika mazishi na katika vitabu vya ukoo, na mjukuu mwenye penseli aliuandika nyuma ya picha. Jambo moja ambalo kadi za namna hii hazilionyeshi kamwe ni kwamba bonde lile na milima yake halikuwa tupu: lilikuwa la wenyeji wa asili, Waute, Washoshone na Wagoshute, nao wana simulizi yao kuhusu mwaka 1847 ambayo haina maandamano.

Kwa bahati, mpiga picha mwenyewe alifika mwaka huohuo. Charles Roscoe Savage alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1832, akavuka nyika na familia yake mwaka 1860, akashirikiana kwa miaka kadhaa na mchoraji George Ottinger kabla ya kuendesha studio kwa jina lake peke yake. Sadfa hiyo si ushahidi kwamba alifahamiana na bibi wako, maana walioingia mwaka ule ni wengi. Inayokuhusu zaidi ni habari ya moto: Juni 1883 duka na studio yake viliungua, na hasi alizokusanya kwa zaidi ya miaka 20 zikateketea. Picha yako ni ya baada ya moto, lakini usitarajie kuwa mahali fulani kuna daftari la wateja lenye jina lake likikusubiri.

Kuhusu uso uliokaza, nakusihi usiufanye shajara ya maisha yake. Watu wengi huambiwa kwamba wazee wetu hawakucheka kwenye picha kwa sababu ilibidi wakae bila kutikisika kwa muda mrefu. Hilo lilikuwa na ukweli wakati wa mabamba ya majimaji, yaani vioo vilivyopakwa dawa na kutumiwa vingali vibichi, ambapo sekunde kadhaa zilihitajika na kichwa kilishikiliwa kwa nyuma na mkono wa chuma. Ndiyo maana kwenye picha nyingi za miaka ya 1860 utaona miguu ya kile chuma ikichungulia nyuma ya viatu vya mtu. Lakini miaka ya 1890 mabamba makavu ya jelatini yalikuwa yameshaenea, na sekunde moja au chini yake ilitosha chini ya dari ya kioo ya studio. Bibi wako angeweza kutabasamu. Hakutabasamu kwa kuwa picha ya studio ilirithi adabu ya picha za kuchorwa, na mwanamke mwenye heshima zake hakwenda kulipa fedha ili aonekane akikenua.

Hata weusi wa gauni usikupeleke haraka kwenye msiba. Mabamba ya wakati ule yalikuwa na macho ya rangi ya buluu tu, kwa namna ya kusema: buluu ilitoka karibu nyeupe, na nyekundu, rangi ya machungwa na kahawia vyote vikatoka vyeusi. Gauni unaloliona jeusi lingeweza kuwa jekundu la damu ya mzee. Na hata kama lilikuwa jeusi kweli, hariri nyeusi ndiyo iliyokuwa nguo bora ya mwanamke mtu mzima kwa kanisani, harusini na studio. Wanawake wa Utah walifika hata kupanda miforosadi na kufuga viwavi ili wajitengenezee hariri yao wenyewe. Mtu alikwenda studio na nguo aliyotaka kukumbukwa nayo. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alipigwa picha Hamburg mwishoni mwa miaka ya 1860 akiwa na mavazi na mapambo ya kwao Unguja, wakati alikuwa ameshaolewa na Mjerumani na akitembea mitaani kwa mavazi ya Kizungu. Asiyejua habari zake angeitazama picha ile na kudhani ilipigwa Forodhani.

Kama unataka mfano wa mahali penu hapo hapo Salt Lake City, tafuta picha ya Jane Manning James. Alikuwa mwanamke Mweusi, mzaliwa huru wa Connecticut, aliyeingia bondeni Septemba 1847 pamoja na mumewe Isaac na watoto, kwa hiyo ni mtangulizi kwa kipimo chochote. Picha yake ya studio, ya miaka ya 1860, ilipigwa na Edward Martin, mtu yuleyule aliyeongoza mwaka 1856 mojawapo ya makundi mawili ya mikokoteni yaliyonaswa na theluji na kupoteza zaidi ya watu 200 kwa jumla, kisha akaishia kuwa mpiga picha mjini. Ukimtazama Jane unamwona mwanamke mwenye mavazi ya heshima, basi. Huoni kwamba mwaka 1843, baada ya jamaa zake kunyimwa nafasi katika boti huko Buffalo, walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000 hadi Nauvoo, Illinois, palipokuwa makao ya kanisa lake wakati huo, wakiacha nyayo za damu njiani. Huoni kwamba mwaka 1849, wakati wa njaa, alimpa jirani yake Eliza Lyman ratili mbili za unga, nusu ya alichokuwa nacho. Huoni kwamba kwa miaka mingi aliwaandikia viongozi wa kanisa lake akiomba kushiriki ibada kamili za hekaluni na kukataliwa kwa ajili ya rangi yake, hadi alipofariki mwaka 1908, miaka 70 kabla ya katazo lile kuondolewa. Hayo yote tunayajua kwa karatasi: maelezo ya maisha aliyoyasimulia uzeeni yakaandikwa, barua zake, na shajara ya Eliza aliyeukumbuka ule unga. Studio ilitupa sura yake tu.

Kwa bibi wako pia itabidi karatasi zitafutwe, na pa kuanzia ni nyumba uliponunua sanduku, si kadi. Waulize walioendesha mauzo jina la marehemu, au litafute katika kumbukumbu za ardhi za kaunti kwa anwani ya nyumba. Ukishalipata, tafuta tangazo la kifo chake gazetini, kisha panda ngazi ya ukoo kizazi kimoja baada ya kingine kwenye maktaba ya FamilySearch iliyopo mjini hapo, ambayo ni bure na ina wahudumu wenye subira. Unayemtafuta ni mwanamke aliyezaliwa takriban kati ya 1835 na 1845, aliyekuwa hai mwaka 1895 na aliyeishi Salt Lake City au karibu nayo. Angalia mistari ya kikeni pia, maana picha za bibi mara nyingi huhamia kwa mabinti na kubadilisha jina la ukoo kila harusi. Ukipata majina mawili matatu yanayoelekea, yapeleke kwenye orodha za makundi ya safari zilizokusanywa na idara ya historia ya kanisa, ambazo zinapatikana mtandaoni na zinataja kila msafiri anayejulikana, kundi lake na mwaka wake. Jina litakalojitokeza kwenye kundi la 1860 ndilo la kushikilia.

Usipoteze muda kuitafuta sensa ya 1890, kwa sababu karibu yote iliharibika kwa moto wa Januari 1921 mjini Washington. Nenda moja kwa moja kwenye ile ya 1900, ambayo kwa bahati njema iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, idadi ya watoto ambao mwanamke alizaa na wangapi walikuwa hai, na kwa aliyezaliwa ng'ambo, mwaka aliohamia Marekani. Kama alifariki baada ya 1904, hati yake ya kifo huenda ipo katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo, nayo kwa kawaida hutaja wazazi.

Ukiwa na jina, au hata bila jina, nenda kwenye jumba la makumbusho la Mabinti wa Watangulizi wa Utah, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1901, ambayo imekusanya picha za namna hii kwa wingi, nyingi zikiwa na majina. Chukua nakala, siyo kadi yenyewe. Iskani pande zote mbili kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi, pamoja na ule upande wa penseli hata kama maandishi yamefifia. Kadi usiifute kwa maji wala kitambaa chenye unyevu, kwa sababu tabaka la picha huyeyuka au kubanduka, na usiitie plastiki ya kuyeyushwa kwa joto. Mfuko wa poliesta, ndani ya bahasha isiyo na asidi, kabatini mbali na jua na mbali na bafu, unatosha. Ukitaka kuandika ulichogundua, kiandike kwenye bahasha.

Kuhusu kuiuza, ambako hukuuliza lakini wasomaji wengi huuliza, kadi ya mwanamke asiye na jina, hata ikiwa ya studio maarufu kama ya Savage, haina bei ya kukubadilishia maisha, kwani zilichapwa kwa dazeni. Kwa wajukuu wake thamani ni nyingine kabisa. Kama utafutaji ukikufikisha kwa mtu aliye hai, mwandikie kwanza ukimpa nakala na umweleze ulivyolifikia jina, ili naye alilinganishe na picha alizonazo kabla hamjakubaliana kuhusu kadi yenyewe. Wana ukoo wa Utah mara nyingi wana albamu, na picha ya pili ya mwanamke yuleyule yenye jina chini yake ni ushahidi ambao hakuna sensa inayoweza kuushinda.